Bingwa wa Theluji wa Kiseke

Nyumbani kwa Bingwa, kule Kiseke, neno "pole" ni marufuku. Ukikohoa hupewi, ukifiwa hupewi, na ukiteleza kwenye zile ngazi zake za mawe ukaanguka na ndoo ya maji kichwani, utasikia sauti tu kutoka barazani: "Inuka basi, unaziba njia." Siku moja alikuja mama mmoja wa jumuiya ya kanisa, mtu mzima mwenye heshima zake, akamkuta Bingwa anajipaka mafuta ya kuzuia jua. Akamwambia kwa roho safi kabisa, "Pole mwanangu, na jua hili la Mwanza." Bingwa akamjibu, "Pole ya nini, mama? Nimekuambia nimefiwa?" Yule mama aliondoka bila kuaga, na chapati alizokuwa amemletea akaondoka nazo. Nilikuwepo, na njaa ilikuwa inaniuma.

Namwita Bingwa kwa sababu hakuna anayemwita vingine, hata mimi niliyemjua kabla hajawa bingwa wa kitu chochote. Ni mtu mwenye ualbino, na macho yake yanaona kwa shida. Anaona rangi, anaona umbo la mtu likisogea, lakini uso wako hauoni mpaka umsogelee kama unayetaka kumnong'oneza. Kwa macho hayohayo ameshindana kuteremka milima ya theluji huko Austria, na mbao miguuni, kwa kasi ambayo gari la abiria likiikimbia abiria wanaanza kusali. Amepata medali. Hilo ni kweli na siwezi kumnyang'anya, ingawa kuna siku natamani.

Ila mbele yake, kila alipoteremka, alikuwepo mtu aliyetangulia kumwitia njia. Mtu huyo ni mimi. Leo natengeneza injini za mitumbwi pale mwaloni Kirumba, kunakoshushwa samaki, na wavuvi wananiita Kobe. Jina hilo nimelipata kwa uongo wa Bingwa. Kitu ninachokitaka kwake ni kimoja, na nimekitaka tangu siku tuliyorudi: asimame mbele za watu aseme alichokifanya katika lile shindano letu la mwisho. Zawadi zake sizitaki. Urafiki wake nilishaushiba zamani.

Tuanze na majivuno, maana ndicho kitu cha kwanza utakachokutana nacho. Zile mbao zake, ndefu, nyekundu, amezipigilia ukutani sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Mgeni haketi kabla ya kuzitazama. Akiketi bila kuzitazama, Bingwa hukohoa, kisha hukohoa tena, mpaka mgeni ainue macho na kuuliza. Hapo ndipo anajifanya kushtuka: "Hizo? Aah, hizo ni vitu vya zamani tu." Halafu anaeleza mpaka chai inapoa. Medali huivaa kanisani Jumapili ya kwanza ya mwezi, chini ya koti, lakini koti halifungi vifungo.

Na kofia! Ana kofia za kila namna, pana, zenye kitambaa cha kufunika shingo, na miwani myeusi inayofunika nusu ya uso. Hizo anazihitaji, sisemi kitu. Jua letu lingemla. Lakini kofia moja inatosha kichwa kimoja. Yeye hubadilisha. Asubuhi ya kwenda sokoni ana yake, jioni ya kukaa barazani ana yake, na ukimsalimia bila kuisifia anakuuliza kama nawe macho yako yana shida.

Salamu nazo ni kesi. Watoto wa mtaa wakimwamkia shikamoo, haitikii marahaba mpaka waseme jina. "Shikamoo ya nani? Nimewaona nyinyi?" Basi wanapanga mstari wanajitaja mmoja mmoja kama wako gwaride. Wazee wa Kiseke walimwona mtu wa dharau. Mimi najua kwamba alikuwa anajifunza sauti zao, na akishaisikia sauti mara moja haisahau. Lakini angeweza kuwaeleza watoto hivyo, na hakuwaeleza. Kueleza ni kuomba, na kuomba ni mwiko kwake kama hiyo pole.

Tulikuwa majirani tangu utotoni. Kulikuwa na miaka, na watu wa kanda hii wanaijua bila kukumbushwa, ambayo mtu mwenye ualbino hakutembea peke yake. Walikuwepo waliowinda watu kama yeye kwa ajili ya waganga, na hujui nani, labda ni yule anayekuuzia viazi. Mama yake alikuja kwetu, akakaa kwenye mkeka na mama yangu, wakalia wote wawili, kisha akaomba mimi nimpeleke mwanawe shule na kumrudisha. Nilikuwa na nguvu na mbio. Nikanyoosha mkono nimshike. Akaupiga mkono wangu. "Tangulia," akasema. "Nitakufuata. Mimi si mbuzi."

Ndiyo ikawa kazi yangu. Njia yetu ilipita katikati ya majabali, mahali pengine unapanda jiwe kwa mikono na mahali pengine unateremka kwa makalio. Mimi mbele naita: "Jiwe kulia. Shimo. Panda. Shuka, shuka. Mti." Na mara nyingine naita: "Mtu." Nikisema mtu, nilisikia hatua zake nyuma yangu zikiongezeka mpaka pumzi yake inanigusa kisogoni. Mtu akishapita anarudi nyuma tena, na ole wako useme umeona. Hofu alikuwa nayo, acha kabisa. Mpaka leo atakuambia hakuwahi kuogopa, kwamba mimi ndiye niliyekuwa natetemeka. Nilikuwa natetemeka kweli. Nani asingetetemeka?

Masista waliokuwa na shule ya watoto wenye ualbino walimtafutia nafasi ya kusoma Austria, akae salama. Mama yake akashukuru mpaka akapiga magoti. Bingwa akasema haendi. Kila mtu akashangaa, sista akambembeleza, padri akaitwa. Akawaambia, "Bila sauti ya yule anayenitangulia siendi." Hata jina langu hakulitaja. Ndivyo nilivyopanda ndege mimi, mtoto wa muuza dagaa, na kwenda kusomea ufundi wa injini katika nchi ambayo ziwa linaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Tulipofika uwanjani, Bingwa akanitambulisha kwa wenyeji: "Huyu ni mzigo wangu." Wakacheka. Nilidhani ni mzaha wa safari.

Kuteremka theluji tulifundishwa shuleni, kama huku kwetu watoto wanavyojifunza kuogelea. Wote walidhani yeye atakaa kando na blanketi. Akauliza mlima uko wapi. Akauliza na mimi niko wapi. Nikavaa mbao, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka, na kila nikianguka yeye nyuma yangu ananiangukia juu na kunitukana kwa Kisukuma. Lakini kabla ya baridi kwisha tulikuwa tunashuka. Mwalimu wa pale, mwanamume mwenye mashavu mekundu, alisema hajawahi kuona watu wawili wanaoelewana namna ile. Laiti angejua.

Niieleze kazi yenyewe, maana hapa ndipo ugomvi ulipo. Katika mashindano ya wasioona vizuri, kiongozi anatangulia amevaa fulana ya rangi kali, na redio iko ndani ya kofia zenu ngumu. Unamwitia kona kabla hajaifikia. Ukiwahi mno anakata kona hewani. Ukichelewa anakutana na mlingoti unaoonyesha kona. Usiende mbali akapoteza rangi yako, usikae karibu akakugonga. Unateremka huku shingo imegeuka nusu, jicho moja njiani na jingine kwake. Wenzetu waliita kwa Kijerumani na Kifaransa. Sisi tuliita kwa maneno yetu ya njia ya shule: kulia, kushoto, shuka, shuka, achia. "Achia" maana yake ni njia nyeupe, usizuie kasi. Alilipenda neno hilo kuliko yote, na nilikuwa mchoyo nalo, maana niliipenda shingo yake zaidi.

Na sheria ni hii: kiongozi lazima afike mwisho akiwa mbele. Anayeongozwa akimpita kiongozi wake, wote wawili wanafutwa, hata wangekuwa wameshinda kwa mbali kiasi gani. Sheria haina huruma na ni sawa isiwe nayo, kwa sababu ukimpita anayekuitia njia unashuka bila njia. Bingwa aliichukia sheria hiyo kama ugonjwa. "Yaani ushindi wangu unachukuliwa kwanza na mgongo wako," alikuwa anasema. Jukwaani tulipewa medali wote wawili, ndivyo taratibu zilivyo, naye aliniangalia ninavyovishwa yangu kama mtu anayeibiwa kuku mchana.

Alikuwa na msemo wake. Waandishi wakimuuliza kiongozi ana umuhimu gani, alijibu, "Kiongozi ni kengele. Anayetembea ni ng'ombe." Watu wa kule, ambao ng'ombe wao huvaa kengele, walicheka wakidhani ni mzaha. Mimi nilijua si mzaha. Nilikaa pale na medali yangu shingoni, nikiwa kengele kweli, nikitabasamu kwa picha.

Sasa mtu mwingine angekuambia alikuwa mbaya tangu mwanzo hadi mwisho, ukaisha mchezo. Hapana, hakuniachia hata raha hiyo. Majira fulani ya baridi nilishikwa na homa ya mapafu. Bingwa, ambaye hajawahi kuchemsha hata yai, aliingia jikoni akanipikia uji kwa kupapasa. Ulikuwa umeungua, una madonge, na chumvi badala ya sukari. Akaketi kitandani kwangu, akanitukana mimi na ukoo wangu mpaka nikamaliza bakuli. Wiki hiyo kulikuwa na mashindano makubwa. Walimpa kiongozi mwingine, kijana hodari wa kule. Alishuka naye mazoezini mara moja, akavua mbao. Alisema yule anaita kama mtu anayeomba radhi. Akajitoa. Nilipopona akaniambia, "Umenikosesha medali kwa kukohoa," na hakulizungumza tena.

Basi lile shindano la mwisho. Asubuhi ilikuwa nyeupe, hakuna kivuli, theluji ngumu inalia chini ya mbao. Tulianza vizuri. Nilimwita na alinijibu kwa pumzi kama siku zote. Tulipita milingoti ya juu, tukapita bonde, tukaingia mteremko wa mwisho ambao ni mpana na umenyooka mpaka kwenye mstari. Nikaita, "Achia." Nilikuwa nimeachia na mimi, naapa kwa kaburi la mama yangu, sijapunguza hata kidogo. Nikasikia mbao zake kulia kwangu. Nikaita, "Nyuma! Kaa nyuma!" Akanipita. Aliinama, mikono mbele, akapita pembeni yangu karibu sana hata nilisikia upepo wake, akavuka mstari peke yake.

Nilimkuta amelala chali kwenye theluji, mabega yanatikisika. Nikadhani analia, nikaanza kumwonea huruma, mjinga mimi. Alikuwa anacheka. Waamuzi wakaja, bendera ikainuliwa, tukafutwa. Mwalimu mwenye mashavu mekundu akauliza imekuwaje. Bingwa akaketi, akajikung'uta, akasema, "Alipunguza." Neno moja tu hilo.

Hatukushindana tena baada ya hapo. Nilimaliza ufundi, naye akachoka na baridi, tukarudi Mwanza tukiwa kwenye ndege moja na viti vilivyo mbali. Redio moja ya hapa mjini ikamwita studio. Nilikuwa mwaloni, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa kwenye kibanda cha mama muuza uji, na wavuvi wamekaa wanasikiliza habari za mwana wa nyumbani. Mtangazaji akamuuliza ile medali ya mwisho ilipoteaje. Bingwa akasema, "Kiongozi wangu alizembea, nikamkuta njiani. Sasa ningefanyaje, nimsukume?" Mtangazaji akacheka. Kibanda kizima kikageuka kunitazama.

"Yaani wewe," akasema mmoja, machozi ya kicheko yanamtoka, "una macho mawili mazima, umepitwa na mtu asiyekuona?"

"Kobe!" akapiga kelele mwingine kutoka kwenye mtumbwi, na jina likanasa hapohapo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakumjua Bingwa. Ya kwake ilitoka Austria ikafika Kirumba na bado inaendelea. Kuna walioongeza chumvi, wakasema nilinunuliwa na wazungu ili taifa letu lisishinde. Mchumba niliyekuwa naye, watu wa kwao Nyegezi, baba yake aliniuliza mbele ya washenga wangu, "Kijana, ni kweli uliuza?" Nilijieleza mpaka jasho likanitoka. Mzee akanisikiliza kwa upole, akasema nyumba yake haina haraka ya kuoza binti. Binti ameolewa na mwingine.

Nilikwenda Kiseke baada ya hapo. Nilimkuta amekaa barazani na kofia ya jioni.

"Nenda kwenye redio useme ukweli," nikamwambia.

"Ukweli gani?"

"Wewe bwana, unaujua. Sikupunguza."

Alikunja ukingo wa kofia. "Ulipita saa ngapi hapo getini?" akauliza. "Sikukusikia. Unatembea polepole siku hizi."

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na jirani zake wakatoka kusikiliza, na ndipo wakawa na hakika kwamba mimi ni mtu mwenye wivu. Nilirudi tena, kwa upole. Nilimpelekea ujumbe kwa padri. Nilimwendea kwenye sherehe ya ubatizo, nikamvuta pembeni. Kila mara jibu lake ni la kukwepa. "Ukweli una haraka gani?" "Watu wamefurahi, waache." Na siku moja, kwa hasira, "Ulikuwa mbele maisha yako yote, unataka na hili?" Sikuelewa alimaanisha nini na sikutaka kuelewa. Nilitaka jina langu.

Halafu akaanza habari za watoto. Kiseke kuna mwamba mmoja mpana, mgongo wake laini, unateremka taratibu hadi kwenye nyasi. Alikusanya watoto wenye ualbino kutoka mitaa ya karibu, akawapanga wawiliwawili, kila mmoja na mwenzake anayeona vizuri. Theluji hakuna, watoto wanakimbia tu. Anayeona anatangulia anaita, mwenzake anafuata kwa mbio, bila kushikwa mkono. Wazazi waliogopa. Mimi pia niliona ni wazimu, nikasema kwa kila aliyetaka kusikia. Anawakaripia watoto wale mpaka unajisikia vibaya. Akianguka mmoja, anasimama juu yake na kumuuliza kama amepata usingizi.

Lakini wanampenda. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Wanakwenda wakiwa wameshikilia sketi za mama zao, na baada ya muda unawaona wanashuka barabara ya Kiseke wakiwa peke yao, kofia kichwani, wanasalimia watu kwa sauti. Nami nilijua yale maneno ya kuitana yalitoka wapi. Kulia, kushoto, shuka, achia. Maneno yangu! Nilikuwa nikipita pale na pikipiki nasikia watoto wa watu wanaita sauti yangu mwambani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa ni ya nani. Waliambiwa hadithi moja tu, wakaijua kama sala: Bingwa alikuwa na kasi mpaka akampita kiongozi wake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuna binti anaitwa Kabula, mwepesi kuliko wote pale. Siku moja anashuka nyuma ya mwenzake, mwenzake anaita vizuri, na katikati ya mwamba Kabula akaamua kumpita. Akampita. Mbele kulikuwa na ufa ambao mwenzake alikuwa karibu kuuita. Kabula alianguka kwa uso. Meno ya mbele yalivunjika, taya likapasuka, akapelekwa hospitali na kanga ya mama yake ikiwa imelowa damu. Habari zilifika mwaloni kabla ya mchana. Nilisema, "Si niliwaambia?" Nilisema kwa sauti, na nikamchukia Bingwa kwa moyo wote, chuki safi, bila doa.

Haikupita muda mrefu, akaja Kirumba. Hajawahi kuja pale. Jua lilikuwa utosini, saa ambayo hata sisi weusi tunakimbilia kivulini, na yeye huwa hatoki saa hizo kwa lolote. Alishuka kwenye bajaji kule juu barabarani, akateremka mwenyewe katikati ya nyavu na makasha ya samaki, akigonga hiki na kile. Alikuwa amekonda. Sikio la kushoto lilikuwa limefungwa bandeji mpaka shavuni. Tulisikia kwamba madaktari wamemkata uvimbe na watamkata tena. Mama muuza uji akafungua mdomo kumpa pole, akaufunga.

"Shikamooni," akasema. Wazee wakaitikia. "Kobe yuko wapi?"

"Niko hapa," nikasema. Nilikuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko. "Na mimi nina jina."

"Najua una jina." Akalitaja. Akalitaja lote, na la baba yangu, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mitumbwi. Mwenyekiti wa mwalo, mzee ambaye anaheshimiwa na kila mvuvi, akasogea kusikiliza. Vijana wakaacha kushona nyavu.

"Nimekuja kusema jambo," akasema Bingwa. "Siku ile huyu hakupunguza. Aliita vizuri. Nilimsikia akisema nikae nyuma, nikampita makusudi. Nilijua sheria. Nilijua tutafutwa." Akashika ukingo wa kofia. "Tangu utoto wangu, kila ninapokwenda kuna mgongo wake mbele. Siku ile mteremko ulikuwa mweupe wote, nikataka nione hivyo mara moja, bila mtu. Nikaona. Halafu nikaogopa kusema, nikamsingizia. Yule mtoto ameanguka kwa sababu ya uongo wangu. Watoto nimeshawaambia jana, wameniamini. Sasa nawaambia nyinyi."

Nilikaa juu ya ndoo. Miaka yote ile nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hiyo, na sasa aliyeyasema yote ni yeye.

Kisha mama muuza uji akajifuta macho kwa kanga. "Jamani," akasema, "hebu mwoneni mtu huyu. Anaumwa, jua linamchoma, na amekuja kumsitiri mwenzake."

"Simsitiri," akasema Bingwa. "Ni kweli."

"Roho ya dhahabu," akasema mvuvi mmoja. "Yaani anajibebesha kosa ili mwenzake asichekwe."

"Nasema nilimpita makusudi!" Bingwa alipandisha sauti, na sauti ikamkatikia. "Mnasikia? Nilidanganya! Nilidanganya redioni!"

"Tumesikia, Bingwa, tumesikia," akasema mwenyekiti kwa upole ule wanaoutumia kwa wagonjwa. Akaanza kupiga makofi. Wakapiga wote, vijana wa nyavu, wapakua dagaa, mpaka waliokuwa ndani ya mitumbwi wakagonga makasia mbaoni. Bingwa alisimama katikati, anageuza kichwa huku na huko akitafuta uso wa mtu, na hakuna uso alioweza kuuona.

Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe unakaa tu? Mtu ametoka kitandani kwa ajili yako. Simama umshukuru mwenzako."

Nikatazama wote walivyokuwa wananitazama. Nikajua kwamba hata nikisema nini, nitakuwa Kobe mpaka nife, na sasa nitakuwa Kobe aliyesitiriwa. Nikajua pia kwamba yeye anajua hivyo, maana mdomo wake ulikuwa unatetemeka, mtu ambaye sijawahi kumwona akitetemeka tangu njia ya shule. Nikainuka kutoka kwenye ndoo. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikamsogelea karibu, karibu kabisa, mpaka pale ambapo macho yake yanaweza kuona uso.

"Asante," nikamwambia, na kilichoniuma zaidi ni kwamba ilinitoka moyoni.